Majina ya Kiswahili ya Wanyama wa Kale na Vipindi vya Watoto Wadogo: Mfano wa Nundu, Fizi

1.0 Utangulizi

Tangu miaka ya 1990 dinosaria wametumiwa katika televisheni, na baadaye katika programu za simu na vishikwambi, kuwa walimu wa watoto ambao bado hawajaingia darasa la kwanza. Mnyama aliyetoweka miaka milioni 66 iliyopita amepewa kazi ya kufundisha kuhesabu, kulinganisha na kukisia, na hata adabu ya kugawana vitu na wenzake.

Makala hii inalitazama jambo hilo kwa upande wa lugha, na hasa upande wa majina. Hoja yake ni kwamba jina la mnyama ndilo somo la kwanza katika vipindi vya namna hii. Tangu 2010 sayansi imepokea majina kadhaa ya wanyama wa kale yaliyoundwa kwa maneno ya Kiswahili, na mtoto asemaye Kiswahili anaweza kuyafumbua kwa namna ambayo mtoto wa London au Chicago hawezi kuyafumbua majina ya Kigiriki. Hata hivyo, faida hiyo haiji yenyewe. Kiswahili kina sura nyingi, na jina lililo wazi mjini Mbeya laweza kubeba maana nyingine kabisa likivuka Ziwa Tanganyika. Kwa sababu hiyo hoja hii inapimwa kwa mfano wa Nundu, katika wilaya ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

2.0 Vipindi vya dinosaria na kazi ya jina

Vipindi vya dinosaria kwa watoto wadogo vinaweza kugawanywa katika makundi mawili. Katika kundi la kwanza dinosaria ni vazi tu. Mfano ulio maarufu ni Barney & Friends, kipindi kilichoanza kurushwa na mtandao wa PBS wa Marekani mwaka 1992. Mhusika wake mkuu ni Tyrannosaurus wa rangi ya zambarau ambaye huimba na kucheza na watoto. Kipindi hicho kilifundisha upendo, namba na rangi, lakini hakikukusudia kufundisha habari za dinosaria wenyewe. Mhusika huyo angeweza kuwa tembo au sungura na somo lisibadilike.

Katika kundi la pili dinosaria ndiye somo lenyewe. Mfano bora ni Dinosaur Train, kilichobuniwa na Craig Bartlett, kikatayarishwa na Kampuni ya Jim Henson na kuanza kurushwa na PBS mwaka 2009 kwa ajili ya watoto wa miaka mitatu hadi sita. Mhusika wake, Buddy, ni Tyrannosaurus mdogo anayelelewa katika familia ya Pteranodon, na kwa hiyo kila siku anajiuliza kwa nini hafanani na ndugu zake. Familia hiyo husafiri kwa treni kutoka kipindi kimoja cha historia ya dunia hadi kingine, ikikutana na wanyama wapya, ikiwalinganisha, ikikisia na kuupima ukisiaji wake. Baada ya hadithi, mwanasayansi wa kweli, Scott Sampson, huwaeleza watoto yapi yanayojulikana kutokana na mifupa. PBS ilikifuatishia kipindi hicho michezo ya kompyuta na ya simu. Nchini Uingereza, CBeebies ya BBC ilianza kurusha Andy's Dinosaur Adventures mwaka 2014 kwa nia inayofanana na hiyo.

Katika kundi hili la pili jina lina kazi kubwa. Mtoto wa miaka minne asiyeweza kufunga kamba za viatu vyake hulitamka neno lenye silabi tano au sita bila kukwama, na kwa kulitamka hujiona ana ujuzi ambao watu wazima hawana. Lakini ujuzi huo una upungufu wake. Neno dinosaria lenyewe lilibuniwa na Mwingereza Richard Owen, aliyelichapisha mwaka 1842, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya mjusi wa kutisha. Tyrannosaurus rex, jina lililotolewa mwaka 1905, lina maana ya mjusi dhalimu, mfalme. Mtoto wa Kiingereza hazisikii maana hizo mpaka aelezwe. Kwake jina ni sauti tamu iliyofungwa, na ufunguo wake uko katika lugha ambayo hata wazazi wake hawaijui.

3.0 Kiswahili katika majina ya kisayansi

Afrika ya Mashariki ina historia ndefu katika elimu ya dinosaria. Kilima cha Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, kilichimbwa na msafara wa Kijerumani kati ya 1909 na 1913. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, zikasafirishwa hadi Berlin. Huko, tangu 1937, umesimamishwa mfupa kwa mfupa mnyama ajulikanaye leo kama Giraffatitan, ambaye kimo chake kinazidi mita 13. Majina mengi yaliyotokana na uchimbaji huo yaliundwa kwa Kigiriki na Kilatini, na baadhi yaliwaenzi Wajerumani. Waafrika waliosimamia mashimo, kama vile Boheti bin Amrani, hawakupata heshima hiyo wakati ule. Mwaka 2019 mnyama mmoja wa Tendaguru aliitwa Wamweracaudia keranjei, kwa kuwakumbuka Wamwera, wenyeji wa eneo hilo, na Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wa mifupa yake.

Badiliko kubwa zaidi kwa upande wa lugha limetokea katika karne hii, kutokana na utafiti uliofanywa kusini na kusini-magharibi mwa Tanzania. Mifano mitano inatosha:

(a) Asilisaurus kongwe (2010). Asili imeunganishwa na neno la Kigiriki lenye maana ya mjusi, na kivumishi kongwe kikafuata. Ni jamaa wa karibu wa dinosaria, aliyeishi katika nchi ya kusini mwa Tanzania miaka ipatayo milioni 245 iliyopita.

(b) Pakasuchus kapilimai (2010). Paka limeunganishwa na neno la Kigiriki la mamba, kwa sababu mamba huyu mdogo wa bonde la Rukwa alikuwa na meno yanayofanana na ya mnyama anyonyeshaye. Sehemu ya pili inamuenzi Saidi Kapilima, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

(c) Shingopana songwensis (2017). Ni dinosaria mkubwa mla majani kutoka Songwe, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya umbo la mifupa ya shingo yake.

(d) Mnyamawamtuka moyowamkia (2019). Ni dinosaria mla majani ambaye mifupa yake ilionekana mwaka 2004 katika genge la mto Mtuka, bonde la Rukwa. Baadhi ya pingili za mkia wake zina umbo la moyo.

(e) Mambawakale ruhuhu (2022). Ni mtambaazi mkubwa wa ukoo wa mamba, ambaye mifupa yake ilichimbwa mwaka 1963 katika bonde la mto Ruhuhu na kukaa karibu miaka 60 kabla ya kupewa jina rasmi.

Yafaa kuangaliwa kuwa (a), (b) na (e) si dinosaria kwa maana kamili ya kisayansi. Hilo si kikwazo, kwani hata Pteranodon wa Dinosaur Train si dinosaria, na tofauti hiyo yenyewe ni somo zuri kwa mtoto.

Kwa upande wa uundaji, mifano hii inaonyesha ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza, (a) na (b), nomino ya Kiswahili imebandikwa katika kiunzi cha Kigiriki. Katika ngazi ya pili, (c), nomino na kivumishi vya Kiswahili vimeungana, na kivumishi kimefuata upatanisho wa ngeli: shingo ni pana. Katika ngazi ya tatu, (d) na (e), kirai kizima chenye kihusishi cha umilikishi kimeandikwa kama neno moja: mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia, mamba wa kale. La kuvutia zaidi ni kuwa katika Mambawakale upatanisho wa viumbe wenye uhai umehifadhiwa. Mamba kwa umbo ni nomino ya ngeli ya N, lakini jina halikusema mamba ya kale. Sarufi ya Kiswahili imeingia ndani ya orodha ya majina ya kimataifa pamoja na kanuni zake.

Majina haya yalitungwa kwa ajili ya majarida ya wanasayansi. Lakini aliyeweza kuyafaidi kwa urahisi kuliko wote ni mtoto mdogo asemaye Kiswahili. Akiambiwa Shingopana, hahitaji mkalimani. Anaweza kuulizwa, kabla ya kuonyeshwa picha, akisie mnyama huyo alikuwa na nini cha ajabu. Hapo jina huacha kuwa kitu cha kukaririwa, likawa swali.

4.0 Nundu: jina linapovuka ziwa

Nundu iko katika mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kwenye barabara itokayo Uvira kwenda Baraka, mkabala na pwani ya Burundi. Wenyeji wengi wa Fizi ni Wabembe, na lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kibembe. Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya kanisa na ya mazungumzo kati ya makabila. Kazi yake ya kuunganisha watu iliongezeka tangu 2015, ilipofunguliwa kambi ya Lusenda kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, ambao lugha yao ni Kirundi. Kwa upande mwingine, vita vilivyoanza 1996 viliwalazimisha maelfu ya watu wa Fizi kuvuka ziwa na kukimbilia Tanzania, ambako kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka huohuo. Watoto waliokulia huko walikisikia Kiswahili cha Tanzania kila siku, na waliorejea walirudi nacho. Kwa hiyo katika kijiji kimoja mtu anaweza kukutana na zaidi ya Kiswahili kimoja.

Mtoto wa Nundu akisikia majina yaliyotajwa hapo juu, yatamfikiaje? Baadhi hayana shida. Paka, shingo, mamba na asili ni maneno ya kila siku. Kongwe laweza kumtatiza mtoto ambaye amezoea kusikia vitu vikiitwa vya zamani. Mfano wenye mengi ya kufundisha ni Mnyamawamtuka.

Kwanza, katika Kiswahili cha Kongo kiambishi m- cha Kiswahili sanifu hutamkwa mu- kikamilifu: mutu, mutoto, mukia. Kwa hiyo Mtuka litatamkwa Mutuka. Na mutuka, katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ni gari. Neno hilo lina asili moja na motokari. Mtoto atakuwa amesikia, kwa haki kabisa, habari za mnyama wa gari. Pili, katika matumizi ya Kongo neno nyama lina maana ya kitoweo na pia ya mnyama, na wingi wa viumbe mara nyingi huchukua ba-: banyama. Mtoto asiyeyazoea maumbo ya mnyama na wanyama anaweza kulisikia jina hilo kama habari ya chakula.

Mtu mwenye haraka angesema kuwa mtoto huyo hajui Kiswahili na arekebishwe. Huo ungekuwa uamuzi mbaya kwa elimu na kwa lugha pia. Mtoto aliyesema mnyama wa gari ametumia akili ileile ambayo Dinosaur Train inajaribu kuiamsha: amechukua alichokisikia, akakilinganisha na anachokijua, akakisia. Kilichobaki ni kuupima ukisiaji wake. Mtangazaji hodari angeitumia nafasi hiyo: je, mnyama huyu alipanda mutuka? Magari yalikuwapo wakati wake? Basi Mtuka ni nini? Ni mto. Tena uko upande gani wa ziwa? Kutoelewana kwa lahaja mbili kungekuwa mlango wa somo la wakati, la jiografia na la lugha kwa pamoja. Lakini mlango huo utafunguka tu ikiwa mtungaji anajua kuwa upo. Kipindi kilichoandikwa Dar es Salaam na kurushwa Fizi bila kupitiwa na msemaji wa huko kitampita mtoto, na hakuna atakayejua kuwa amepitwa.

Jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya elimu ya Kongo ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo ya nne, na lugha za mazingira zitumike kufundishia na zifundishwe kama somo. Kifaransa hushika nafasi baadaye. Miaka ya chekechea na ya madarasa ya kwanza ndiyo miaka pekee ambayo mtoto wa Nundu anaweza kukutana na sayansi kwa lugha anayoiota usingizini. Akikutana nayo kwanza kwa Kifaransa, atajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: habari za dinosaria, na kwamba lugha yake haihusiki nazo. Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Fundisho hilo la pili likikauka, kulikunjua ni kazi ngumu.

5.0 Vyombo vinavyoweza kutumika

Kutayarisha vipindi vya elimu kwa watoto wadogo katika Kiswahili si jambo la kubuni upya. Shirika la Ubongo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, lilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, na baadaye likatayarisha Akili and Me kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita. Mhusika wake, Akili, ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na katika ndoto hukutana na marafiki zake wanyama, wakajifunza pamoja herufi, namba na maumbo. Vipindi vya shirika hilo vimetayarishwa pia kwa redio.

Kwa upande wa programu za vishikwambi, jaribio kubwa lilifanyika mkoani Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa muda wa miezi 15, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji 170, ambako watoto wapatao 2,700 wenye umri wa miaka 7 hadi 11 walijifunza wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Zaidi ya asilimia 90 yao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili mwanzoni. Vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua. Mwezi Mei 2019 zawadi iligawanywa kati ya kundi la Kitkit School na la onebillion, na programu zote tano za fainali ziliachwa wazi ili mtu yeyote aweze kuzitumia na kuzirekebisha. Watoto wa Tanga walikuwa wakubwa kuliko wa chekechea, lakini jaribio lao lilionyesha kuwa Kiswahili kinatosha kuendesha programu ya elimu tangu kitufe cha kwanza hadi cha mwisho, na kwamba ukosefu wa nyaya za umeme si sababu ya kutosha ya kukata tamaa.

Kwa Nundu, hata hivyo, busara ni kuanza na redio. Televisheni huhitaji umeme wa kudumu na kishikwambi huhitaji fedha, hali redio ndogo husikilizwa na nyumba nzima. Radio Okapi imekuwa ikitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa tangu 2002, na masikio ya wasikilizaji yamekwisha kuzoea Kiswahili cha redio. Yaweza kuulizwa iwapo dinosaria anaweza kufundishwa bila picha. Hapa ndipo majina ya Kiswahili yanapoonyesha faida yake. Jina Tyrannosaurus halichori chochote katika mawazo ya msikilizaji, Shingopana linachora.

6.0 Mambo ya kuzingatia katika utungaji

Kutokana na yaliyoelezwa, mambo manne yanaweza kupendekezwa kwa watungaji.

Kwanza, mifano itoke mahali alipo mtoto. Ndege ni wazawa wa dinosaria, na hilo halina ubishi mkubwa tena miongoni mwa wanasayansi. Kuku anayeparua uani ni jamaa wa Tyrannosaurus, na miguu yake yenye magamba ni ushahidi ambao mtoto anaweza kuushika. Kimo cha Giraffatitan kisielezwe kwa mita tu, bali kwa michikichi, mti ambao kila mtoto wa Fizi anaujua.

Pili, wakati uelezwe kwa ziwa. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, lilianza kufanyika yapata miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita. Kwa mtoto wa Nundu hakuna kitu kikongwe kuliko ziwa. Akiambiwa kuwa dinosaria walikuja, wakaishi na kutoweka kabla ziwa halijakuwapo, amepewa kipimo cha wakati ambacho tarakimu hazimpi.

Tatu, kweli na ngano zitenganishwe kwa upole. Mtoto wa Kibembe, kama wa kila jamii, amelelewa na hadithi za wanyama wanaosema. Kipindi kinaweza kumtumia mnyama anayesema bila hatia, mradi mwishoni pawe na sauti ya mtu mzima inayosema yapi yametoka katika mifupa na yapi yametoka katika kichwa cha msimulizi.

Nne, istilahi zisisukumwe kwa nguvu. Dinosaria, dinosauri na matamshi ya Kifaransa yote yanasikika. Kwa mtoto wa chekechea lililo muhimu si umbo lipi litashinda, bali kwamba neno lolote litakalotumika lipatanishwe kama kiumbe chenye uhai: dinosaria huyu, dinosaria hawa, au kwa mazoea ya Kongo, ba dinosaria. Usanifishaji utafuata, udadisi ukizimwa leo hautafuata.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa vipindi vya dinosaria hufundisha kwa njia ya majina, na kwamba Kiswahili kina hazina ya majina ambayo mtoto anaweza kuyafumbua mwenyewe. Mfano wa Nundu umeonyesha pia kuwa hazina hiyo haina ufunguo mmoja. Kiswahili kilichoingia katika majarida ya sayansi ni kile cha upande wa mashariki wa ziwa, na kikifika upande wa magharibi kinahitaji mwenyeji wa kukipokea.

Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zina kazi mbili hapa. Ya kwanza ni kushirikiana na wanajiolojia wakati majina mapya yanapotungwa, ili maneno yatakayochaguliwa yaangaliwe yanavyosikika kuanzia Lindi hadi Fizi. Ya pili ni kuwatuma wanafunzi wao kuyasikiliza maneno ya watoto wadogo katika maeneo ambayo kamusi hazijafika. Wanyama wa Rukwa na Ruhuhu wamekwisha kupewa majina ya Kiswahili. Mtoto wa Nundu anastahili kuambiwa hivyo kabla hajafika umri wa kuamini kwamba sayansi ni mali ya lugha nyingine.